Kile cha Kushoto

Mimi nauza barafu. Birere wananijua,
Kyakimwa wa mabeseni.
Umeme ukirudi saa nane za usiku naamka, nagandisha,
alfajiri nawakatia wauza samaki, kipande faranga mia tano.
Usiporudi, nauza maji.
Kaka yangu Katembo aliishi juu ya barafu miaka kumi na mitatu
na hakuuza hata tone.

Alijifunzia hapa. Bisheni mnavyotaka.
Kabla mlima haujamwaga moto katikati ya mji,
kabla mjomba hajamchukua Kampala, kisha Kanada,
alishuka na chukudu ya baba kutoka Kibumba,
goti moja juu ya mbao,
mguu wa pili unapiga barabara, unapiga, unaacha.
Kocha wake wa kwanza aliuliza:
nani alikufundisha kulala hivyo kwenye kona?
Akajibu: viazi.

Alichelewa. Wenzake walianza kabla ya kuota meno,
yeye alianza wakati ya kwao yanang'oka.
Ndiyo maana hakufika kule kamera zinakofika.
Alifika miji yenye kiwanda kimoja cha mbao na baa mbili.
Timu kumi na moja, nimezihesabu kwa jezi alizotuma,
nne mama alizishona zikawa pazia:
Dubu, Nyambizi, Wakata-Miti, Radi,
tena Dubu, wa mji mwingine.
Mkataba wa wiki tatu.
Mkataba wa mpaka fulani apone goti.
Mara moja walimbadilisha kwa kipa na mashine ya kunolea viatu.
Kipa alikuwa mgonjwa, akasema,
kwa hiyo bei yangu ni mashine.

Mabao tisa, maisha yote. La sita lilimgonga mgongoni likaingia.
Kazi yake ilikuwa kusimama pale kinapopita kile kisahani cheusi,
kigumu kama jiwe la uani kwetu,
na kukizuia kwa mfupa.
Alituma picha: jino halipo.
Mwezi uliofuata, jirani yake naye amehama.
Mama akaisogeza simu kwenye taa.
Huko nako kuna vita?
Hapana, mama. Hapa wananilipa.

Dola mia. Dola sitini.
Kiangazi hakuna kitu, anabeba makochi ya watu wanaohama.
Friji yangu ni bega lake la kulia.
Usiku mmoja, ndani ya basi, alinitumia sauti:
Dada, nje ni nyeupe tu.
Fikiria lava, lakini nyeupe,
na hakuna anayeikimbia.

Mwaka jana akarudi, akapitia Kigali.
Mpakani afisa alifungua begi
akakuta visu viwili vimevaa viatu.
Vya nini hivi?
Vya kutembelea.
Kutembelea wapi?
Katembo akakosa jibu. Walimwachia kwa dola tano.

Watoto wa avenyu walitaka kuona.
Akavivaa, akasimama uani juu ya jiwe jeusi,
mrefu kuliko nilivyomzoea, mkono umeshika ukuta wa mbao.
Chuma kikakwaruza. Hakusogea.
Watoto wakangoja,
mmoja akasema labda bado kinapata moto,
wakachoka, wakaenda kucheza mpira.

Jana simu ililia. Mji fulani, Polandi au karibu na hapo:
beki wao kavunjika mguu.
Miezi miwili, chumba, chakula.
Ana miaka thelathini na mitano.
Alihesabu kwa vidole, akapotea, akaanza upya,
na mama akajifanya anachambua maharagwe
yaliyokwisha kuchambuliwa.

Sasa ni saa nane, umeme umerudi.
Nasikia zipu ya begi chumbani.
Kyakimwa! Kile cha kushoto kiko wapi?

Kiko mkononi mwangu tangu wiki iliyopita.
Goma nzima hakuna kitu
kinachokata bonge la barafu kama hicho.
Ninanyamaza.
Ninakata kipande kimoja zaidi,
halafu kingine.